Siku ya Pipa la Maji

Tarehe 2 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mgongo unaendeleaje tangu uanze kushona zile sare za shule? Mimi sijambo, mikono tu ndiyo imeota sugu.

Najua umenipigia sana. Simu nimeizima nikaifungia sandukuni, na itakaa humo mpaka mtihani upite mwezi wa nne. Usikasirike kwanza, soma hadi mwisho. Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye kibanda cha kreni, juu ya ghorofa ya kumi na tatu, mwalimu amesimama nyuma yangu, na tani mbili za nondo zinaning'inia mbele yangu. Simu ikaita mara kumi na moja. Nikajua kuna msiba. Nikashuka ngazi zote zile, nikapiga, kumbe Kitinda, bibi harusi wetu, anauliza mkasi mkubwa uko wapi! Mama, mimi na huo mkasi tumeachana mwendo wa siku nzima kwa basi.

Mwalimu hakunifokea. Alisema tu, "Dada, huku juu una mzigo mmoja, na chini yake wanapita watu. Wa nyumbani kwenu wana miguu, watautafuta mkasi."

Miaka saba nimebeba ndoo za zege kwenye majengo ya watu, na kila siku nilikuwa naitazama ile kreni. Huyu ndiye wa kwanza aliyekubali kunifundisha. Wengine walisema mwanamke atashikwa na kizunguzungu. Kizunguzungu nilikipata wiki ya kwanza, nikakizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele. Kwa hiyo mambo ya harusi ya Kitinda, na ya ugomvi wa Mjomba na mpangaji wake, yaamueni wenyewe. Barua nitasoma na nitajibu.

Mwanao.


Tarehe 14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujanikimbia. Nawe ule vizuri huko, usije ukapeperushwa na upepo wa hayo maghorofa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa hasira zaidi. Simu sandukuni! Wewe ndiye mkubwa. Tangu baba yenu afariki, mimi nakata nguo, wewe unakata mashauri, ndivyo tulivyoishi. Harusi ya mdogo wako ni tarehe 25 Aprili. Nani ataisimamia? Mjomba wako hawezi kusimamia hata kuku. Jana tu amekuja hapa na mpangaji wake, wakagombana kuhusu paa linalovuja hadi wakakalia kitambaa cha mteja.

Kreni haikimbii. Njoo mwezi wa tatu ukae nasi, mtihani utafanya mwakani.

Mama yako.


Tarehe 1 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini wote wazima hapo.

Mtihani ni tarehe 18 Aprili. Nitafika nyumbani tarehe 20, na harusi nitaisimamia mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Kabla ya hapo siji. Mwakani sitaki. Kila mwaka nimeambiwa mwakani.

Mwanao.


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi si mzima. Kifua kinanibana, usingizi sina, hata cherehani nimeifunika. Daktari hasemi kitu cha kueleweka. Sikulazimishi, lakini kama unataka kuniona, njoo sasa.

Mama yako.


Tarehe 30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako nimeiona.

Nilisafiri kutwa nzima nikilia, mpaka abiria wa kiti cha pili akanipa kitambaa chake. Nikaingia mlangoni nikakukuta umepanda juu ya kiti, pini zimejaa mdomoni, unampima Kitinda mabega. Ukazitoa pini moja moja, ukasema, "Afadhali umefika, hawa wapambaji hawajui kazi." Basi. Hukusema neno jingine juu ya kifua.

Ningetaka ningegeuka palepale, lakini basi la kurudi lilikuwa limeshaondoka, na la kesho yake lisingeniwahisha. Nikasimamia harusi. Nikacheka kwenye picha. Huku mwalimu alinisubiri nusu saa, wasahihishaji wakakasirika, wakafuta jina langu.

Mtihani mwingine ni Oktoba. Simu haitoki sandukuni. Na nikiitwa tena, siji, hata mkisema nyumba inaungua. Zimamoto wapo. Najua mtoto hamwandikii mama yake hivi. Nimeandika kwa wino na sifuti.

Mwanao.


Tarehe 9 Agosti

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Hapa Kitinda na mumewe wazima, wamehamia nyumba ya nyuma.

Hii ni barua ya tatu. Ya Mei hukujibu, ya Juni hukujibu. Katika zile mbili nilikueleza mambo mengi, nikazungukazunguka tu. Hii nasema moja kwa moja. Nilikudanganya. Sikuwa naumwa. Niliogopa kuifanya ile shughuli peke yangu, nikaona afadhali nikuharibie wewe kuliko niaibike mimi.

Nikwambie na jingine ambalo hujawahi kusikia. Kabla hujazaliwa, fundi mmoja wa suti alikubali kunifundisha. Suti, si sare. Nilikwenda miezi minne. Kila wiki nilikuwa naitwa nyumbani: bibi yako anataka maji, kuna wageni, kuna sijui nini. Na kila nikiitwa nakwenda. Siku moja nikarudi kwa fundi nikakuta mtu mwingine amekalia kiti changu. Nikajiambia nitarudi. Sasa ni miaka thelathini na nane nashona sare za watoto wa watu.

Wewe ulipokataa kuja, nadhani nilikuonea wivu. Haya, nimelisema.

Jana Mjomba wako kaja, anataka uje umwamulie yeye na mpangaji. Nimemwambia dereva hashuki. Akaniuliza dereva gani. Nikamwambia dereva wa kreni, mwanangu, au umesahau jina la kazi yake?

Mama yako.


Tarehe 21 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Barua zote tatu ninazo. Hasira bado ninayo, ila imepungua, sasa inaenea mfukoni.

Sikujua habari ya suti. Nimeisoma wakati wa mapumziko ya mchana, nimekaa juu ya rundo la matofali, na fundi mwashi akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mama yangu tu alikuwa kijana.

Sasa nafanya zoezi la pipa. Wanajaza pipa maji mpaka ukingoni, unalinyanyua kwa ndoano, unalipitisha katikati ya nguzo kwa kupinda huku na kule, halafu unalitua kwenye duara. Maji yakimwagika zaidi ya kikombe, umefeli. Wiki iliyopita nililowanisha mpiga ishara wangu, yule anayenielekeza kwa mikono kutoka chini, kichwa hadi viatu. Wiki hii amelowa mabega tu. Tunakwenda vizuri.

Mwanao.


Tarehe 6 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku wazima wote, hakuna shida yoyote. Barua hii anaiandika jirani yangu, yule mwalimu mstaafu, kwa kuwa macho yangu yamechoka na kazi.

Najua mtihani ni Jumatano ijayo. Usiwaze lolote la huku. Panda.

Mama yako.


Tarehe 16 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefaulu.

Pipa lilikwenda kama limebebwa na mtu. Palikuwa na upepo kidogo kwenye nguzo ya tatu, nikangoja litulie, msahihishaji anatazama saa, nikaendelea kungoja. Maji yaliyomwagika hayakujaza hata kifuniko cha chupa. Mwalimu kanipa mkono, akaenda kusimama nyuma ya lori akijifuta uso. Jumatatu naanza kazi mwenyewe.

Sasa niambie kilichotokea. Wewe macho yako yanaingiza uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Ungeacha mtu mwingine akuandikie barua kwa sababu ya macho? Nilipouona tu mwandiko, nilijua kuna jambo, na nilijua safari hii ni la kweli, kwa sababu hukuniita.

Nilifika hadi stendi na begi langu. Basi linanguruma, kondakta ananiuliza, "Dada, unapanda au hupandi?" Nikasimama pale mpaka likaondoka. Kisha nikarudi mazoezini. Siku ya mtihani sikukuwaza hata mara moja, Mama. Hata mara moja. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana nikiambiwa nichague tena, nitafanya vilevile.

Nieleze ukweli. Usinionee huruma.

Mwanao.


Tarehe 27 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Bado anaandika jirani, nami namsimamia asiongeze chumvi.

Niliteleza kwenye ngazi ya uani tarehe 2. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, nimefungwa plasta hadi kiwikoni. Daktari anasema nitashona tena, lakini si mwaka huu. Nimelia, sikufichi. Sare zilizobaki anashona Kitinda. Mishono yake imepinda kama njia ya ng'ombe. Nakaa kando, nauma midomo.

Mjomba wako alitaka kumpigia msimamizi wa jengo lenu siku ileile ili uitwe. Alikuwa ameshashika simu. Nikamwambia, "Piga. Ila ukimaliza, tafuta dada mwingine, mimi si wako tena." Akaiweka mezani. Tangu siku hiyo anakuja kunifagilia uwanja, na ugomvi na mpangaji umekwisha wenyewe, kumbe walikuwa hawana kazi tu.

Hukuuliza, lakini naona unataka kujua kama nina kinyongo kwa kuwa ulijua na hukuja. Nimemwambia jirani aandike neno kwa neno, na yeye anacheka mpaka kalamu inamponyoka: ungeingia mlango huu siku ile, ningekukamata sikio na kukuburuta mpaka stendi, kwa mkono huu mmoja uliobaki.

Mama yako.