Kikombe Mkononi mwa Mkwe

Nairobi, 4 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hapo Munje hamjambo? Na kile kikohozi? Mimi mzima.

Mama, umevuta moshi wa makumbi ya nazi miaka thelathini ukikaanga samaki. Hapa maabara tunatafuta dalili za saratani ya mapafu kwenye mkojo, kabla mtu hajaanza kuumwa. Hakuna sindano wala kisu. Nimekuandikisha. Mume wangu Jaafar ndiye mhudumu wa afya hapo kijijini, kwa hiyo atakuletea kikombe na kukichukua mlangoni. Hutapata taabu.

Mwanao,
Hasina

Munje, 20 Februari 2024

Mwanangu Hasina,

Marahaba. Tu wazima, alhamdulillahi. Kikombe kimeshakwenda. Jaafar alikipokea kwa adabu, macho chini. Usiniulize zaidi.

Mamako

Nairobi, 15 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Majibu yametoka, safi kabisa. Nimelia kwa furaha mbele ya wenzangu. Kikohozi hicho ni vumbi tu, kunywa tangawizi.

Mwanao,
Hasina

Nairobi, 9 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Jaafar ameniambia unatema damu, na kwamba picha imeonyesha saratani imeshasambaa. Sikuamini. Nimeyatoa mabaki ya mkojo tuliyoyahifadhi, nikayapima tena. Mama, wewe una miaka sitini na mbili, na ule ni mkojo wa mwanamke mjamzito. Ni wa nani?

Hasina

Munje, 17 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu, ila pumzi ndiyo shida. Naandika nikipumzika kila mstari.

Ni wa jirani yangu Kadzo. Ulitaka nimkabidhi mkwe wangu mkojo wangu? Mtu ambaye sijala mbele yake tangu siku ya nikaha yenu? Umesoma mpaka unaona ugonjwa ndani ya kikombe, ukasahau jambo ulilolijua kabla hujajua kusoma. Nimekukasirikia, Hasina. Nimejikasirikia zaidi, maana ningeweza kukwambia, nikaona haya hata kulitaja.

Kadzo amejifungua salama, mtoto wa kike.

Tangu Ijumaa siwezi kuinuka. Wanawake huja mchana. Asubuhi hakuna mtu ila Jaafar. Yeye ndiye anayebeba beseni langu la haja ndogo kwenda kulimwaga. Hanitazami, nami hugeukia ukutani.

Njoo umpokee beseni hilo.

Mamako