Kilichompata Nahla Njia ya Sokoni

Limbani, Wete,
Pemba.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Suhaila,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na lile goti lako limepata nafuu na ngazi za nyumba ya tajiri wako unakofanya kazi. Sisi huku afya tunayo, alhamdulillahi. Shemeji yako Msellem kifua kimemwachia, na mvua za vuli zimeanza kidogo kidogo.

Anayekuletea barua hii ni Bi Mwanawema. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu wewe hunisikiliza mbele ya watu, na mimi nikianza kulia sitamaliza. Isome ukiwa peke yako chumbani.

Kila ukipiga simu nakwambia Nahla yuko chuoni. Ni uongo, Suhaila. Mwanao ana wiki ya tano hajatoka mlangoni.

Unaijua ile baraza ya kona, ukienda sokoni. Tangu Nahla aanze kozi ya umeme alikuwa akipita pale kila asubuhi na mkoba wake wa vifaa. Mwanzo vijana wa pale walimwita tu, "Fundi!" Kisha ikawa, "Fundi, njoo uniguse uone kama nna shoti." Kisha wakawa wanamhesabia hatua kwa sauti mpaka apinde kona. Mkubwa wao ni Kificho, anayetengeneza pikipiki, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Nahla aliniambia yote hayo. Nikamjibu, tazama chini, mwanangu, upite. Ndivyo tulivyofunzwa mie na wewe. Alitazama chini miezi saba.

Alhamisi ya tarehe 3 Oktoba alichoka. Kificho alimwambia neno juu ya mwili wake ambalo sitaliandika hapa. Nahla akasimama, akamwambia, "Mkeo nnamjua. Nikamwambie maneno haya ni yako?" Wenzake wakamcheka Kificho. Hilo ndilo alilomkasirikia, kuchekwa.

Aliruka barazani, akaushika mtandio wa mwanao, akauvuta. Pini zikamchana shingo. Nahla akaung'ang'ania kwa mikono miwili, mkoba ukaanguka, koleo na bisibisi zikatawanyika barabarani. Akavuta tena. Mtandio ukatoka na baibui likachanika begani. Mwanao akabaki kichwa wazi mbele ya watu wote, saa mbili ya asubuhi. Na watu walikuwepo, Suhaila. Wanunuzi wa samaki, wanawake wenzetu na vikapu vyao. Wapo waliocheka na wapo waliogeuza uso. Hakuna aliyesema "mwachie".

Aliyemtoa ni Bi Taraben wa duka la vitambaa, na uzee wake ule. Alivuka barabara na doti ya kanga ambayo haijakatwa, akamfunika nayo gubigubi, akamwingiza dukani na kufunga mlango. Mpaka leo hataki kanga ile irudishwe.

Kabla ya alasiri video ilikuwa imeshaenea kwenye simu za watu.

Tulikwenda kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, mimi na Msellem. Akaniuliza, "Alivaa nini?" Nikamwambia baibui. "Na ndani?" Nikamwambia suruali ya kazi, chuo ndicho kinachotaka. Hapo akaacha kunitazama, akasema na mume wangu: "Bwana Msellem, mtoto wa kike na mambo ya nguzo za umeme, wapi na wapi? Na tena angenyamaza, haya yasingefika huku." Msellem akaitikia kwa kichwa.

Polisi nilikwenda na Nahla, na huko nilipata mtu. Askari mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika, akasema tulete ile video, itatosha. Mimi nilikuwa sijaitazama. Nilipomwomba Nahla, alikataa. "Mama mkubwa, usiitazame. Iache." Nikadhani ni haya. Nikaipata kwa jirani.

Anayepiga picha haonekani. Anasikika akicheka, halafu anasema, "Vuta tena, bado haujatoka!"

Kicheko kile nakijua tangu mwenyewe hana meno. Ni Seif, mwanangu.

Nahla alijua tangu palepale barabarani. Siku tano alikula na Seif mkeka mmoja asiniambie. Nilipomuuliza Seif, alisema ulikuwa mzaha, yeye hakumgusa. Kisha akasema, "Mama, wote wanajua ni dada yangu. Nisingecheka mie, wangenicheka mie."

Sasa nakuja kwenye langu. Nilikwenda kwa mwanao nikamwomba aiache kesi. Nilimwambia Seif atafungwa, Msellem ataniacha, nyumba itavunjika. Akaniuliza, "Angekuwa mtoto wa mwengine, ungenambia hivi?" Nikamrudishia yale yale, Seif, Msellem, nyumba. Akasema, "Haya," akageukia ukutani.

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe kituoni akaandika kwamba amesamehe. Yule askari alimuuliza mara tatu kama kuna mtu aliyemlazimisha. Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti. Alisema hapana.

Chuo kimeshampa mtu mwengine nafasi yake. Na Kificho, ambaye zamani hakuwa akiniamkia, sasa akiniona huinuka barazani. "Shikamoo, Bi Tatu." Nami naitikia marahaba.

Jumatano iliyopita vijana wa baraza ile ile wamemvua mtandio binti wa Mzee Hamad, mwanafunzi wa skuli, miaka kumi na minne. Nilikimbilia kwa Nahla nikamwambia vaa, twende, tuitoe hiyo video, Seif abebe lake. Hata hakuinua kichwa. "Nenda mwenyewe, Mama mkubwa. Mie nilishakwenda."

Jana nilikwenda. Nilimkuta yule askari nje ya kituo, akaniuliza, "Bi Tatu, umetuletea nini leo?" Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikamwambia napita tu.

Suhaila, omba ruhusa uje umchukue mwanao. Uliponiachia ulisema unaniachia jicho lako, na mimi nimelitia kidole. Video sijaifuta. Ukija nitakupa, uipeleke wewe, kwa sababu mimi miguu imenikatalia. Na ukitaka kunitukana, nitukane mbele ya Nahla, asikie.

Nisalimie binamu yetu Zubeir na mkewe. Mama yetu wa Wingwi anakuombea dua kila sala. Yeye hajaambiwa chochote. Nahla hakunituma salamu, nami sikuthubutu kumuuliza. Seif anakuamkia, na anaulizia ile simu uliyomuahidi. Usiilete.

Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, na akuvushe salama mpaka umfikie mtoto wako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kama leo hutaki kulisikia neno hilo kwangu,

Tatu