Kipimo kwa Sauti ya Chini

Jumatatu, 3 Machi
Wan-twenti ova eiti. Nimeamka nayo mdomoni. Usingizini nilikuwa natembea kwenye wodi ndefu isiyo na kuta, na kila kitanda kilikuwa na namba tu, inaelea juu ya shuka, inangoja niitamke vizuri. Mtihani wa kuzungumza Kiingereza ni Ijumaa, kwa video. Nikifaulu, naenda kufanya uuguzi ng'ambo. Presha unaweka "ova" katikati. Joto lina "pointi", na baada ya pointi unataja tarakimu mojamoja. Kuandika 120/80 naweza hata nikifumba macho — kutamka ndiyo kasheshe!

Jumanne, 4 Machi
Mama amejitolea kuwa mgonjwa wangu. Anakaa kando ya cherehani yake, namfunga mashine ya presha mkononi, natangaza kama niko redioni. Kiingereza chake hakijai kiganja, lakini anafurahia. Anasema enzi zake naye alikuwa akimtajia msaidizi wake vipimo kwa sauti: kifua, kiuno, nyonga. Mteja akinenepa, anashusha sauti asije akamwaibisha. Tumecheka sana. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya vitambaa, nikatamani lisiondoke.

Jumatano, 5 Machi
Wan-eiti-faivu ova wan-ten.
Nikapima mkono wa pili. Ileile, 185/110, juu mno. Nikaitamka taratibu, nikatabasamu. Mama akauliza kama ni nzuri. Nikasema nzuri. Mimi, muuguzi! Nikiondoka, nyumba hii itabaki na yeye na cherehani basi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikuwa namfungua mashine, akanishika mkono.
"Jana ulishusha sauti, mwanangu. Nimenenepa wapi?"
Nikamwambia ukweli. Hakushtuka. Kumbe vidonge vyake vya presha viliisha, akanyamaza nisije nikapata kisingizio cha kubaki. Ananijua huyu! Nilikasirika, nikalia, nikaenda kumnunulia dawa, akameza mbele yangu. Kliniki nilitaka twende papo hapo. Akagoma katakata: hatoki nje mpaka mtihani uishe. Nimeshindwa naye. Kesho basi, nikimaliza tu. Mchana nilisinzia kidogo, nikaota anashona shuka la ile wodi, refu, halina mwisho.

Ijumaa, 7 Machi
Mtandao umekatika katikati ya mtihani! Naandika huku nasubiri urudi.

Mtahini ni mzee mmoja mpole. Aliniambia nimtajie presha ya mgonjwa yeyote, nijitungie tu. Nilikuwa nimeandaa wan-twenti ova eiti, nimeilalia wiki nzima. Mdomo ukatoa wan-eiti-faivu ova wan-ten. Safi kabisa, bila kigugumizi, kwa sauti kubwa. Mama alikuwa mlangoni, amevaa viatu, mkoba begani, tayari kwa kliniki. Akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyesikia kipimo sahihi.

Mtahini akasifu matamshi yangu. Halafu akauliza, mgonjwa huyo nitamfanyia nini kwanza? Hapo picha ikaganda.

Jibu nalijua. Tulifundishwa tangu mwaka wa kwanza: usimwache peke yake. Nimelirudia kimoyomoyo kwa Kiingereza, linatoka vizuri. Kwa Kiswahili sithubutu hata kulinong'ona.

Picha imerudi. Mzee ananitazama, anasubiri. Mama hajui nimeulizwa nini. Ananiashiria kwa mkono tu, nipaze sauti.