Asubuhi Uliyoomba Viatu

Chumba cha juu,
Mtaa wa nyuma ya stesheni,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Pacha, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa. Sisi hatujambo. Mama bado yuko na cherehani yake, ila macho yameanza kumgomea. Siku hizi huniita nimtilie uzi kwenye sindano, na nikichelewa hunung'unika kwamba alisomesha mwalimu wa chuo ili aje kumtegemea kwa uzi.

Bibi ni mzima wa mwili. Ya moyoni mwake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana mkosaji ni mimi, na sitaki uyasikie kwa mwingine.

Kanisa letu limetimiza nusu karne. Mchungaji aliniomba niandike historia yake na kuisoma siku ya sherehe, kwa kuwa historia ndiyo ninayofundisha. Sasa habari za kanisa lile huwezi kuzigusa bila kukugusa wewe: kijana aliyeangukiwa na ukuta, akalala miezi na miezi, akaombewa na mama yake, akainuka katikati ya ibada akatembea. Kila mgeni huhadithiwa. Nikasema sitameza tu, nitachunguza.

Nikamtafuta yule bwana aliyekuwa akikufanyisha mazoezi ya viungo hospitalini. Amestaafu, anafuga kuku. Alinieleza bila kusita kwamba kabla ya ibada ile ulikuwa tayari unasimama ukishika kitanda, unapiga hatua mbili tatu. Nikamwuliza na muuguzi wa wodi ile, peke yake, akasema vilevile. Mjomba, nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu.

Siku ya sherehe nikayasoma mbele ya watu, Bibi akiwa mstari wa kwanza katika gauni lake jipya. Ingetosha kusema ulianza kusimama lini. Nikaongeza la kwangu, kwamba muujiza wenyewe ulitendwa na bwana mazoezi. Watu wakacheka. Bibi alifungua mkoba wake, akaufunga, akatazama sakafu hadi mwisho.

Tangu hapo hajarudi kanisani. Wale akina mama waliokuwa wakija jikoni kwake kuombewa, sasa humsalimia kwa mbali wakapita. Mmoja alimwambia Mama kwamba hawajui tena washike lipi. Nimemfanya mama yako aonekane mwongo, Mjomba, na nimemfanyia hivyo hadharani.

Karibu mwezi mzima nilijificha nyuma ya kusahihisha mitihani. Mwishowe nikaenda. Nilimkuta anachambua maharagwe, nikavuta kigoda nikachambua naye, nikamwomba radhi. Alitoa kijiwe, akakitupa kando.

"Ulimwuliza wa mazoezi, ukamwuliza muuguzi," akasema. "Mimi ninayekaa mtaa wa pili hukuniuliza."

Nilimjibu kwamba nilidhani najua atakachosema.

"Nani alimwita huyo wa mazoezi? Mimi. Nilikuwepo mwanangu aliposhika kitanda. Miguu ilikuwa inaweza, yeye ndiye aliyekuwa hataki. Baadaye akaacha hata kushika kitanda, akageukia ukutani, akaniambia nimwache afe. Hilo ndilo nililoliombea. Asubuhi ya ibada akasema, Mama, nipe viatu."

Nikamwuliza kuhusu kule kuinuka ghafla kanisani.

"Hayo waliyaongeza wao, mwaka hadi mwaka. Nami nikanyamaza, kwa sababu yalikuwa yanapendeza. Hapo nilikosa. Lakini viatu aliviomba."

Najua kazi yangu inakomea wapi. Hilo nawafundisha vijana kila muhula. Naweza kuonyesha nani alikuwepo, nani alisema nini, na hadithi ilianza kuvimba lini. Lakini kwa nini mtu aliyetaka kufa aamke akitaka viatu, sina kipimo cha kulithibitisha wala cha kulikana. Darasani nalijua hilo. Kwenye kipaza sauti nililitupa, ili watu wacheke.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi. Nikasema zile hatua za kitandani ni kweli, ila kuhukumu muujiza hakukuwa kazi yangu, na kwamba shahidi wa kwanza sikumhoji. La kutaka kufa sikulitaja. Hilo ni lako. Walinisikiliza kwa adabu tu. Baadaye mama mmoja, mwenye mtoto mgonjwa, alirudi jikoni kwa Bibi. Bibi alimwombea mtoto, kisha akamwuliza mama yake kama amempa dawa. Kanisani mwenyewe bado haendi.

Nawe pia sikukuuliza. Niliyaandika maisha yako kana kwamba umeshazikwa. Nisamehe, Mjomba. Sidai unieleze kilichotokea asubuhi ile. Ukipenda kukaa nacho, kaa nacho.

Msalimie sana Mama Pacha, na pacha wenyewe. Mama anasema mashati yao yako tayari, anatafuta wa kumpa aje nayo. Mungu awafunike huko mliko, akuongoze utokapo na urudipo.

Nilimwuliza Bibi kama ana neno lolote kwako juu ya jambo hili. Akasema hana. Ila kanituma nikuulize kama mguu bado unakuuma wakati wa baridi.

Mpwa wako, akupendaye na kukuonea haya,
Yule uliyembandika jina la Kiulizo