Paka Tisa, Panya Mmoja

Shikamoo Mama, kutoka Kitangari kwenye vumbi na baridi ya asubuhi.

Wale panya wakavu ulioniagiza usiwasubiri. Mwaka juzi mvua ilinyesha hadi kukera, nyasi zikajaa mbegu, panya wakazaana mpaka wakatafuna godoro la Shangazi, wifi yako Mama Neema. Nyoka, bundi na paka wakala, wakanenepa, nao wakazaa. Tangu mwaka jana mvua imegoma. Panya wamekwisha, walaji wamebaki. Shangazi ana paka tisa, na wote wananitazama mimi kama kitoweo.

Jana tulichimba mashimo asubuhi nzima, tukapata panya mmoja aliyekonda. Shangazi akamchoma, akamweka juu ya ugali wangu, akamtaja kwa jina lao la panya, samaki wa mchangani. "Samaki nchanga wako huyo. Mgeni kwanza."

Nikafumba macho kuombea chakula, kama ulivyonilea. Nilipofumbua, paka alikuwa anaruka dirishani, mkia wa panya unaning'inia mdomoni.

"Huyu mtoto kalelewa wapi?" Shangazi akafoka. "Mwaka kama huu watu huomba macho wazi!"

Nakukumbuka sana, Mama. Tuombee mvua, nawe ufumbe macho kwa niaba yangu. Mimi huku sithubutu tena.

Mwanao, Esta