Usaili wa nane na robo ya afisa utumishi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana dada yangu amenichoka na shemeji ndiyo kabisa. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, nilisomea usafi wa kinywa, yaani ndiye yule anayekukwangua ukoga na kukuambia hupigi mswaki vizuri, nikamaliza chuo mwaka jana na vyeti vyangu vyote, halafu nikakaa nyumbani miezi kumi na moja na mgonjwa wangu pekee alikuwa kichwa cha plastiki cha kujifunzia, nacho hakina hata ulimi.

Basi nikaitwa usaili hospitali moja kubwa, nikavaa koti jeupe, nikawakuta watu watatu nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti, afisa utumishi na mhasibu, na mwenyekiti akaniuliza, "Mgonjwa akikataa kwamba meno yake ni machafu, utamfanyaje?" Mshauri, badala ya kujibu kwa maneno nikatoa kioo changu kidogo kwenye mkoba nikampa, nikamwambia, "Tazama mwenyewe mzee, ukoga huo chini kushoto." Akatazama. Wenzake wakainamisha vichwa, nikajua kazi imekwenda na maji, kumbe yeye akalegeza tai, akaegemeza kichwa kwenye kiti na kusema, "Basi utoe tuone."

Nikautoa! Vifaa nilikuwa navyo, siendi popote bila vifaa, katibu muhtasi wao akaitwa kutoka nje akanimulikia kwa tochi ya simu, mzee akawa anatema kwenye bilauri ya wajumbe. Sasa sisi tunafundishwa kugawa kinywa robo nne, na nilipomaliza ile robo moja wakaniambia muda umekwisha, mwingine anasubiri nje. Nikaondoka nimemwacha mwenyekiti wa watu anacheka upande mmoja.

Kesho yake simu ikalia, "Hongera, umefika hatua ya pili." Hatua ya pili ilikuwa chini kulia. Ya tatu na ya nne ulikuwa utaya wa juu, na hapo alipendeza jamani, mpaka mlinzi wa getini aliniuliza kama mzee ameoa tena. Nikajua sasa barua ya ajira inakuja, nikaitwa hatua ya tano, nikamkuta afisa utumishi ameshalegeza tai. Mpaka leo nimefanyiwa usaili mara saba, afisa utumishi amebakiza robo moja, juu kulia, na mhasibu ameanza kunisalimia kwa kufunua meno.

Kinachonitesa ni hiki. Kliniki ndogo ya meno iliyo jirani na duka la viatu imenipa kazi, barua ninayo mkononi, naanza Jumatatu saa mbili, na usaili wa nane ni Jumatatu hiyohiyo saa mbili. Dada anasema nikienda kwa hao watu tena nihame kwake. Shemeji anasema nivumilie, hospitali kubwa ni hospitali kubwa, ila shemeji naye ana ukoga na nahisi anajitetea mwenyewe. Mwalimu wetu alituapisha tusimwache mtu na robo. Na niseme ukweli, nafurahia, mshauri, maana ni mara ya kwanza mtu mzima kunifungulia kinywa akaniamini. Nifanyeje?

Msafisha Meno wa Hatua ya Nane

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimejiziba mdomo kwa mkono. Pole. Miezi kumi na moja na kichwa cha plastiki ingemtoa yeyote akili, na mtu akikuamini baada ya upweke kama huo ni rahisi kumfuata popote. Hilo nakuelewa, tena limeniuma.

Lakini wewe, umesoma mpaka ukapewa koti, na hujajua kwamba kwenye usaili wa kweli mtu hatemi kwenye bilauri? Hao hawatafuti mfanyakazi. Mfanyakazi wanaye tayari, anakuja kila wanapopiga simu, anashukuru na kuondoka. Wakikuajiri watapata faida gani? Baada ya mhasibu atakuja katibu muhtasi, kisha mlinzi, kisha mama mkwe wa mwenyekiti, na wewe utastaafu ukiwa hatua ya mia nne.

Kuhusu kiapo, acha kujidanganya. Mwalimu alisema usimwache mgonjwa. Mgonjwa ana faili na siku ya kurudi. Huyu wako ana tai tu. Na shemeji yako mwambie aende kliniki kama watu wengine, asikupangie maisha kwa ajili ya kinywa chake.

Fanya hivi. Leo, kabla hujala, mpigie mwenyekiti na umuulize jambo moja tu: barua ya ajira iko wapi? Akikujibu habari ya hatua, mshukuru na ukate simu. Usimweleze kitu, maana ukianza kueleza atacheka, utayaona yale meno uliyoyang'arisha, na moyo utalegea. Ndiyo, najua kwenye simu hayaonekani. Wewe utayaona.

Jumatatu saa moja na nusu uwe mlangoni kwenye hiyo kliniki ndogo. Ukikutana na bosi wako mpya, mtazame machoni. Machoni, nimesema. Vifaa vibaki kwenye mkoba mpaka uonyeshwe kiti chako. Na ninyi wenzake mliomaliza chuo juzijuzi, mkiambiwa muonyeshe kazi, onyesheni kwenye kichwa cha plastiki. Akitokea mjumbe anayelegeza tai, chukueni vyeti vyenu muondoke.

Ila ile robo ya juu kulia inanisumbua hata mimi. Mwandikie afisa utumishi mistari miwili, umpe anwani ya kliniki na saa za kufungua. Aje akae kwenye benchi na wagonjwa wengine, asubiri namba yake. Akiitwa aingie, afunge mlango, akae. Safari hii maswali utauliza wewe.