Kuhusu Kipigo cha Jukwaa la Saba

MAELEZO YA SHAHIDI (mara ya pili)

Yamechukuliwa katika kituo cha polisi cha wilaya, Izhevsk, Jumatatu tarehe 16 Februari, kuanzia saa nne na dakika tano asubuhi.

Jina: Rimma Fanisovna Gilyazova
Umri: miaka 23
Elimu: darasa la tisa
Kazi: mshonaji, karakana ya mapazia
Makazi: bweni la wafanyakazi, chumba namba 31, pamoja na mama mkwe na binti yangu Alsu, miaka minne. Mume wangu Renat yuko kazini kaskazini, kwenye visima vya gesi, hadi mwezi wa nne.

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Jumamosi askari wa mlangoni pale ukumbi wa barafu aliniuliza niliona nini, nikamwambia sikuona kitu kwa sababu nilikuwa nimebeba mtoto. Hiyo haikuwa kweli. Niliona yote. Nimesikia kwamba yule binti aliyepigwa, Yeva Lapshina, amelazwa, na askari amekaa mlangoni mwa wodi yake. Wanasema alimwaga shanga kwenye barafu kwa makusudi ili mshindani aanguke. Yeva hakufanya hivyo. Shanga zilikuwa zangu. Naomba nieleze tangu mwanzo.

Mnamo tarehe 14 Februari, saa saba na nusu mchana, nilifika ukumbini pamoja na Alsu. Ilikuwa siku ya mwisho ya ubingwa wa wanawake wa kuteleza kwenye barafu. Tiketi nilipewa kazini, maana karakana yetu ndiyo iliyoshona mapazia ya ule ukumbi. Tulikaa jukwaa la saba, safu ya tatu, viti namba 11 na 12. Jukwaa la saba lote lilikuwa la watu wa Varvara Shutova, binti wa mji wetu. Jukwaa la nane, ng'ambo ya kamba tu, walikaa watu wa Milana Ozerskaya wa Moscow. Hao wanamfuata Milana kila mji anakokwenda. Wote walivaa skafu nyeupe. Msidhani ni wahuni. Wengi ni wamama wa makamo, wamevaa makoti mazuri, wana chai yao na maandazi yao ya kabichi.

Maneno yalianza mapema. Mama mmoja wa jukwaa la nane mwenye kofia ya manyoya, wenzake walimwita Inessa Pavlovna, alisema kwa sauti ili tusikie, "Huyo Varvara wao akiruka, barafu inaomba likizo ya ugonjwa."

Shangazi Lyuba, ndiye kiongozi wa mashabiki wetu, akamjibu, "Na Milana wenu apewe medali ya kuwakonyeza waamuzi. Hiyo atashinda hata bila viatu."

Watu walicheka, hata mimi. Alsu alicheka kwa sababu nilicheka.

Kijana mmoja mrefu wa jukwaa la nane, Gleb, alikuwa na bendera kwenye mti mnene. Akasema, "Chekeni sasa hivi, wapendwa. Saa kumi mtakuwa mnalia."

Kuhusu wanasesere. Kwetu anayependwa akimaliza kucheza tunamrushia wanasesere barafuni. Lakini kila kitu kinachorushwa lazima kifungwe nailoni na kubandikwa selotepu, hata ua moja. Shangazi Lyuba alipita safu kwa safu na selotepu mkononi akikagua. Alisema, "Uzi mmoja ukinasa chuma cha kiatu, mtoto wa watu anavunjika shingo. Sijali ni wetu au ni wao. Mmenisikia?"

Mimi nilikuwa na sungura niliyemshona mwenyewe kwa mabaki ya mahameli. Shingoni nilimshonea shanga kumi na mbili nyekundu za kioo. Uzi imara ulikuwa umeniishia, nikatumia uzi wa pamba. Shangazi Lyuba alimgeuza geuza akasema, "Mikono yako ina baraka, binti. Ila hizi shanga sizipendi. Mfunge mara mbili." Nikamfunga mara mbili mbele yake.

Kiti namba 13, kushoto kwetu, alikaa Yeva. Jina lake nimelijua baadaye. Siku hiyo alikuwa binti tu mwenye msuko mmoja mrefu. Alimpa Alsu nusu ya andazi lake, akamwonyesha namna ya kupiga makofi ukiwa umevaa glavu. Alikuja peke yake.

Saa tisa na dakika kumi Varvara alianza kucheza. Nilimwombea kila alipopaa. Hakuanguka hata mara moja. Alipomaliza ukumbi wote ulisimama na wanasesere wakaanza kunyesha. Alsu hakutaka kumtoa sungura. Alikuwa analia, anamkumbatia, anasema, "Mama, hawezi kupumua humo ndani. Atafika amekufa."

Nilichana nailoni kwa meno. Zote mbili. Sheria niliijua, nilikuwa nimeisikia masaa mawili tu nyuma. Nilisema moyoni, sungura mmoja tu. Nilitaka mtoto anyamaze akiwa na furaha.

Alsu alirusha, sungura akaangukia safu ya mbele yetu. Yeva aliinama akamwokota bila kumtazama, macho yake yalikuwa kwa Varvara. Akasema, "Ngoja nikusaidie, mdogo wangu, mimi nina mkono mrefu." Akarusha. Sungura aligonga ukingo wa ule ukuta wa mbao unaozunguka barafu, kisha akaanguka ndani. Niliona ule uzi wa shingoni ukikatika. Wasichana wa shule ya kuteleza wakaja wakaokota wanasesere wote, na sungura pia. Niliwaangalia kama watainama tena pale pale kuokota shanga. Hawakuinama. Nilipaswa kupiga kelele. Nilikaa chini nikamfuta Alsu pua.

Saa tisa na dakika ishirini aliingia Milana. Mruko wake wa kwanza ulikuwa mzuri, sina budi kusema. Wa pili alitua upande wetu. Kiatu chake kilisimama ghafla kama kimeshikwa na mkono, yeye akaendelea mbele. Alipiga kidevu kwenye barafu. Muziki ulikuwa chini wakati huo, na mimi nilisikia mlio wa meno yake. Damu ilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani inaweza kutoka mdomoni mwa mtoto wa miaka kumi na sita. Alijaribu kusimama mara mbili. Mara ya pili mkono wake wa kushoto ulikunjika mahali pasipo na kiungo.

Muziki ukazimwa. Msimamizi mmoja aliingia na viatu vya kawaida, akapiga magoti, akaokota kitu na kukiinua kwenye mwanga kwa vidole viwili. Kilikuwa chekundu.

Inessa Pavlovna ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Vioo! Wamemwagia mtoto vioo! Wauaji!"

Hapo kamba ilikatwa. Walikuja kama ishirini, wanawake na wanaume, wakiruka viti. Gleb alikuwa mbele na mti wa bendera. Akauliza, "Nani karusha yule sungura asiye na nailoni?" Mtu mmoja nyuma yangu, wa upande wetu kabisa, akasema, "Yule mwenye msuko." Sikumwona ni nani, na hata ningemwona sijui kama ningemtaja. Sina haki.

Gleb alimshika Yeva kola. "Ni wewe uliyerusha?"

Yeva akasema, "Nimerusha mimi, lakini..."

Aligeuka akanitazama. Nailoni ilikuwa bado mkononi mwangu, na aliiona. Kisha akamtazama Alsu. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu nisiyemjua. Akageuka kwa Gleb akasema, "Nimerusha mimi."

Inessa Pavlovna alimpiga na chupa ya chai, ile ya chuma, sikioni. Kifuniko kiliruka na chai ikanimwagikia mkono wa kulia. Alama bado ipo, afisa ameiona. Yeva hakuanguka. Inessa Pavlovna akampiga tena mahali pale pale, naye akaanguka kati ya safu ya tatu na ya pili. Gleb alimvuta kwa msuko hadi kwenye ngazi. Alimpiga kwa mti wa bendera mkononi, mgongoni, mkononi tena, mti ukavunjika. Akaendelea na kile kipande chenye ncha. Wengine walitumia miguu. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa anampiga teke huku analia na kusema, "Miaka minane nimemfuata Milana, miaka minane." Yeva alijikunja akafunika kichwa. Walimtoa mikono kichwani wakampiga usoni.

Shangazi Lyuba alikuja kutoka juu. Ni mtu wa miaka sitini na kitu. Alimrukia Inessa Pavlovna mgongoni akamkaba kwa ile skafu yake nyeupe mpaka uso ukabadilika rangi. Wanaume wetu nao wakaingia, na hapo haikuwa tena kumwokoa Yeva. Waling'oa viti wakapigana navyo. Mwanamume mmoja alitupwa juu ya ule ukuta akaanguka barafuni kwa mgongo, hakuinuka. Chupa zilirushwa kutoka jukwaa la sita. Niliona jino kwenye ngazi, zima na mzizi wake. Nilimfunika Alsu macho, lakini masikio sikuwa na mkono wa kuyafunika.

Nilisimama nikasema, "Ni mimi! Sungura ni wangu mimi!" Nilisema kwa sauti yote niliyonayo. Gleb alinisikia. Alikuja. Nilidhani atanipiga, na naapa kwamba nilifurahi kidogo.

Akasema, "Mama, mtoto anaogopa. Hapa si mahali pake." Akawaambia wenzake, "Mpisheni huyu mama na mtoto wake." Kofia ya Alsu ilikuwa imeanguka. Aliiokota, akamvalisha, akamfungia kamba chini ya kidevu. Vidole vyake vilikuwa na damu. Akanishika kiwiko akasema, "Shuka taratibu, ngazi zimelowa." Nilimwambia tena, "Ni mimi." Akasema, "Sawa, mama, sawa," kama mtu anavyomwambia mgonjwa. Kisha akarudi kwa Yeva.

Mimi nikashuka. Hilo ndilo nililolifanya. Ngazi hadi mlangoni zilikuwa ishirini na mbili. Nilizihesabu kwa sauti pamoja na Alsu, kama tunavyohesabu nyumbani, ili asisikie ya nyuma. Tulipofika kumi na saba ilisikika sauti ya Yeva mara moja. Haikusikika tena.

Mlangoni askari akaniuliza, nikamjibu kama nilivyokwisha kueleza.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe. Alifunga mlango akasema, "Kaa kimya, Rimma. Wewe una mtoto. Yule binti hana."

Nikamwambia, "Mama, naye ni mtoto wa mtu."

Akasema, "Basi mama yake amlilie, na wewe mlilie wako. Wakikufunga, Alsu nitamlea na pensheni hii?" Simlaumu. Anampenda Alsu.

Jana Jumapili niliona kwenye simu kwamba Yeva ametolewa wengu, na taya limefungwa waya, hawezi kusema. Watu wameandika wanafurahi kwamba hawezi kusema. Wamemwandikia hadi mama yake. Na wameandika kwamba alikiri mbele ya watu ishirini. Ni kweli alisema alirusha. Alirusha sungura wa mtoto anayelia. Nailoni hakuifungua yeye, shanga hakuzishona yeye, na sungura hakumtazama hata kidogo.

Nilimpigia Renat. Simu ya kule inakatika katika, ilinibidi nirudie mara tatu, na mara ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Akasema, "Nenda kaseme, mke wangu. Popote watakapokuweka, mimi nitakuja nikukute hapo."

Leo asubuhi nilimpeleka Alsu chekechea, kisha nikaja hapa.

Gleb na Inessa Pavlovna naweza kuwatambua popote. Mama mwenye miwani pia. Kwa Milana naomba mkono wake upone vizuri, yeye ni mtoto na hakumkosea mtu. Kwa Yeva sijui niombe nini. Naamini akipona tutaonana, nami nitamtazama usoni.

Hayo ndiyo niliyoyaona na hayo ndiyo niliyoyatenda. Nimeyasema nikiwa na akili zangu timamu, nimesomewa, na hakuna neno ambalo si langu.

Sahihi: R. F. Gilyazova

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yote polepole, ukurasa kwa ukurasa, na kutia sahihi kila ukurasa. Nakala imeambatanishwa na jalada la Lapshina, na saa sita na dakika kumi nimeagiza askari aliyeko wodini aondolewe. Nimemweleza shahidi kwamba Alhamisi saa tatu asubuhi atafika hapa tena, safari hiyo si kama shahidi, na kwamba anaweza kuja na wakili. Amesema ameelewa. Nimemuuliza kama ana swali. Ameuliza kama Yeva Lapshina ataambiwa leo au kesho. Nimemjibu kwamba ataambiwa leo, na kwamba nitakwenda mimi mwenyewe.

Kapteni N. R. Vakhrusheva